Kwa Aliyeuliza Kisu Kilipita Wapi

Ulimfunua mama yako mtandio, Mundhir,
ukapekua nywele zake kwa vidole, fungu kwa fungu,
ukitafuta mshono.
Ulipoukosa ulinigeukia
kama mtu aliyelipia nyumba akaonyeshwa kiwanja.

Shuka usiliinue, nilisema, huyo ni mama yako.
Mlango uko kinenani, chini ya plasta,
tundu lisilozidi alama ya kunguni.
Hapo niliingiza mrija mwembamba kuliko utambi,
nikapanda nao tumboni, nikaupita moyo kandokando
bila kupiga hodi,
nikakata kona kwenye upinde wa mshipa mkuu,
shingoni, nyuma ya jicho. Huko ndiko kulikoziba.
Macho yangu hayakuwa kwake. Yalikuwa kwenye kioo,
ambako binadamu ni kivuli cha kijivu
na mishipa, ukiipulizia dawa, huchora mti mweusi
kwa sekunde tatu, kisha mti hufutika.
Mti wa mama yako ulikosa tawi la kushoto,
lile linalozaa maneno.

Watu hupenda kuniambia: umerithi kazi ya babu yako.
Kweli babu alikuwa arifu wa falaji kule Birkat al-Mawz,
akishuka shimoni na jembe fupi kuzoa matope.
Lakini babu alizibua kwa siku tatu,
akala tende katikati, akalala.
Mitende husubiri.
Ubongo hausubiri hata adhana imalizike.

Ndiyo maana nilikuuliza mlangoni mara tatu, kwa ukali,
unisamehe: mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa lini?
Hapa hakuna anayenijibu kwa saa.
Husema: baina ya adhana na ikama.
Husema: kahawa ilikuwa bado ya moto.
Nimebandika ukutani ratiba ya sala ya mwezi mzima,
na Qais, fundi wa mashine, huigeuza iwe dakika.
Wewe ulisema: kabla ya alfajiri, yuko jikoni.
Kutoka Ibra mpaka Maskati
dereva wa ambulansi hakukumbuka kama gari lina breki.

Miaka kumi na minne ya kusoma
kwa ajili ya dakika ishirini na sita.
Minne nilikaa gizani na picha za vichwa
vya watu nisiowahi kuwasalimu;
miwili ughaibuni, kwa mwalimu aliyenigonga vidole
kila nilipovuta kwa pupa.
Aproni ya risasi imenila kiuno.
Beji kifuani inahesabu mionzi,
mume wangu anahesabu futari nilizokosa.
Na yuko mmoja, wa Barka, sitamtaja jina.
Mshipa wake ulichanika.
Wanasema nina mkono mwepesi.
Siku ile ulikuwa mkono huuhuu.

Kwa mama yako nilivuta mara mbili.
Ya kwanza, patupu.
Ya pili, Liji akatandika shashi, nikaliweka pale:
bonge la damu, urefu wa punje ya mchele.
Tuliliangalia kidogo, hakuna aliyesema kitu.
Mti ukachoreka mzima.

(Koridoni nilikwambia kwa Kiarabu, sentensi mbili tu.
Haya mengine nayaandika usiku,
kwa lugha ambayo hukufundishwa.)

Kwa sababu alipofumbua macho alisema jambo
nawe ukaangua kilio, ukidhani akili imemtoka.
Hapana. Kilikuwa Kiswahili, Mundhir,
cha Tabora, alikokulia kabla hujazaliwa,
na mimi nimekinyonya hichohicho kwa bibi yangu.
Bi Ghaliya alikuwa na swali, tena la maana:
"Maziwa je, yamefurika?"

Nilipokutafsiria ulishika kichwa.
Mlitoka mbio, jiko mmeliacha linawaka.
Ukampigia jirani, simu ikaita, ikaita,
na sote wawili tukasikia jibu lake:
nimeshazima. Sufuria imeungua.
Nyumba ipo.