Bei ya Njuga

Barua imeingia kwenye simu ya marehemu kaka,
ile yenye kioo kilichopasuka, ambayo siizimi:
Tunaomba kununua jina lako la kikoa.
Nikaisoma mara tatu, mikono ina grisi.
Kikoa ninachokijua mimi ni cha kula,
leo kwa Bi Mwanamkuu, kesho kwangu,
kila mtu na mchele wake, sufuria moja.
Hiki cha kuuzwa sikukijua.

Nikafunga duka saa tano, si kawaida yangu,
nikamfuata Shekue, kijana wa fotokopi, Barabara ya Kumi na Mbili.
Akasema: Dada Mize, Mbaruku alilikata jina hili
miaka tisa iliyopita. Njuga. Herufi tano tu.
Mafupi yote yamekwisha, dunia imeyamaliza.
Nyuma ya kila jina kuna namba, akasema,
mashine zenyewe zinajuana kwa namba,
jina ni kwa ajili yetu, wasahaulifu.
Hapo nikaelewa, maana sisi wa Ngamiani
barabara zetu ni namba tupu,
na posa zinafika, na wadai wanafika.

Basi lina thamani gani?
Akalipima kwenye mizani za mtandaoni.
Ya kwanza: dola mia nne.
Ya pili: elfu moja na sitini.
Ya tatu ikasema sifuri,
neno hili halimo katika lugha yoyote.
Nikacheka hadi mteja wa foleni akageuka.
Halimo? Kamuulize mama,
aliyetufunga njuga miguuni tulipoanza kutembea
asikie tunakokwenda.
Kaka zake alikuja kuzifunga
kwenye gurudumu la kwanza alilolinyoosha mwenyewe;
Makorora nzima ikajua nani anapita.

Mnunuzi yuko Dar es Salaam, anakopesha watu kwa simu.
Ametaja milioni mbili.
Nikamwambia Shekue, mwandikie tunafikiri.
Hatukufikiri. Tulikunywa kahawa.
Alasiri akapandisha: mbili na nusu.
Kumbe kunyamaza nako kuna bei,
tena hakuhitaji spana.

Chema chajiuza, sawa,
lakini hiki kimeulizwa tu, hakijasema neno.
Na jina la mtu mbona hatulipimi?
Akina Mbaruku wako saba mtaani kwetu,
wanaitana somo, wanacheka,
hakuna aliyemwambia mwenziwe, hama.
Mwanangu nimempa jina hilo hilo siku ya saba,
sikulipa senti,
na kaka, huko aliko, hakupungukiwa.
Hili la mtandao halina somo.
Akilishika mmoja, wengine mikono mitupu.

Wala kaka hakulinunua. Shekue kanionyesha:
alilipanga, kama fremu hii ya duka,
kodi kwa mwaka, na mwaka unakwisha Ijumaa.
Nilidhani kaniachia shamba.
Kaniachia kodi.

Ukurasa wenyewe una picha moja:
kaka kainama, uso hauonekani,
baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu,
na chini yake namba ya simu, hii hii ya kioo kilichopasuka.
Nani anaufungua? nikauliza.
Shekue akahesabu. Mwezi uliopita, kumi na mmoja.
Saba si watu, ni mashine zinazopita zikichungulia.
Mmoja ni huyu mwenye milioni.
Watatu hakuwajua.

Milioni mbili na nusu ni bati za mama, siringi.
Wala sijasema siuzi.
Ila leo Alhamisi nimelipa elfu thelathini na tano,
yaani tairi moja la nyuma na tyubu nne,
nikaviandika kwenye daftari, upande wa vilivyotoka,
na penye jina la mteja
nikaandika njuga.
Bei hiyo naijua.