Jengo Lililovaa Raba

Mpiga picha ameshuka basi la usiku kutoka Santiago,
amevaa nyeusi tupu kama mfiwa,
na sharti lake la kwanza: asionekane mtu.
Basi mafundi tumewatoa, mfagio tumeuficha,
na koti la Nibaldo, lililoning'inia msumarini
tangu siku za msingi,
limepelekwa chooni.

Maktaba imekamilika. Ndivyo karatasi zinavyosema.
Mbao za msonobari, vioo, dari inayopinda
kama ukurasa unaotaka kujifunua wenyewe.
Mvua ya Valdivia, ambayo haikuulizwa,
imeshapata njia yake juu ya rafu ya kamusi:
tone, kimya, tone.
Niliweka ndoo. Akasema, ondoa ndoo.
Nikaondoa ndoo, nikakinga kiganja
hadi alipomaliza kubofya.

Nje, kwenye mteremko wa viti vya magurudumu,
simba-bahari wa sokoni amepanda kutoka mtoni
akajilaza katikati, kifua wazi,
akinuka samaki wa juzi.
Msanifu, kwa simu, kutoka mji mwingine: "Mfukuzeni."
Nibaldo akaenda kuufuata mfagio.
Simba-bahari alimwangalia
kama mlipa kodi anavyomwangalia karani.
Picha ya mbele ikaahirishwa.

Kisha Bi Edelmira. Hakuna aliyemfungulia;
mlango wenyewe, unaofunguka ukihisi mwili,
ulimhisi.
Kofia ya sufu, mfuko wa vitunguu, miaka sabini na miwili.
Hakutazama dari. Hakutazama vioo.
Aliuegemea ukuta kwa bega, akausukuma
kama mtu anayejaribu jino.
"Hili," akaniuliza, "linacheza?"

Swali hilo, hapa, si mchezo.
Mwaka wa sitini alikuwa na miaka saba
ardhi ilipojikung'uta kama mbwa aliyetoka majini,
na nyumba ya matofali ya baba yake, fahari ya mtaa,
iliyokataa kucheza,
ilikaa chini na watu wake.
Kibanda cha mbao cha jirani kililia kwa kila msumari
kikabaki wima.

Nikamwambia: linacheza, bibi. Limevaa raba.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Miaka thelathini na mmoja alishona viatu kiwandani,
soli na uzi wa nta, hadi kiwanda kilipofungwa.
"Nioneshe."

Funguo za chini ninazo mimi.
Tukashuka, kidato cha saba kikilia
(seremala anajua, mimi najua, picha haitajua)
hadi mahali pasipo msonobari wala kioo:
taa moja, harufu ya saruji mbichi,
na nguzo ishirini na nne,
kila moja juu ya kisigino cheusi
cha mpira na chuma, tabaka juu ya tabaka.

Aliinama. Magoti yake yakalia pia.
Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa mpira,
akatafuta mshono, hakuupata,
akanusa kidole.
"Saizi gani?"
Na mimi, niliyesoma michoro yote ya jengo hili,
sikuwa na jibu.

Juu yetu kiti kilikuwa kikiburutwa
sentimita mbili kushoto, kikirudishwa,
kikiburutwa tena. Kiti kisicho na mtu,
kikitafutiwa mahali ambapo mtu
angekuwa amekalia.

Edelmira akavua kiatu chake cha kulia,
akakiweka kando ya nguzo, kisigino kwa kisigino,
akafumba jicho moja, akapima.
"Wameshona vizuri," akasema.
"Ila ni vipya. Bado havijatembea."

Akakivaa chake, akafunga kamba mara mbili.
Huko juu, penye kamusi,
ndoo sijairudisha.