Chuku ya Kweli

Nilipomwambia Ndolo, msimamizi wetu kule Kileleshwa,
kwamba bega la kulia limekataa kupanda,
alicheka hadi kofia ikamtoka.
"Wacha kupiga chuku, wewe.
Dari haifungwi kwa ulimi."

Siku kumi na tisa mikono yangu ilikuwa juu.
Mtu mwingine akiinua mikono hivyo
ama anaomba, ama amesalimu amri.
Mimi nilikuwa nashikilia jasi
hadi skrubu ya mwisho iume,
vumbi jeupe likinidondokea machoni,
shingo nimeilaza nyuma kama kuku anayemeza maji.

Usiku, kulala kukawa kazi ya pili isiyo na malipo.
Syombua alinikanda kwa maji ya chumvi,
akanikanda kwa mafuta ya mnyonyo,
mwishowe akanikanda kwa maneno.

Basi Ijumaa, nusu mshahara mfukoni,
nikashuka Pumwani, nyuma ya Barabara ya Digo,
kwa Mbaruku muumishi.
Chumba kimoja, pazia la maua,
redio inasoma bei ya vitunguu.
Ukutani inaning'inia pembe ya ng'ombe,
nchani ina tundu, tunduni nta iliyokauka.
"Ya babu," akasema.
"Alivuta kwa mdomo, akaziba kwa ulimi.
Aliwaumika mahamali wa reli hadi meno yakamlegea."
Yeye ana vikombe vya kioo, pamba, spiriti, kiberiti.

"Kavu, au ya damu?"
Kavu, nikasema. Damu bado nina matumizi nayo.

Moto unaingia kikombeni, unakula hewa, unatoka,
na kabla kioo hakijasahau joto
kimeshabandikwa mgongoni.
Halafu nyama inapanda.
Sijui niseme vipi.
Miaka yote vitu vimenisukuma chini,
mbao, mfuko wa saruji, kodi ya nyumba;
hiki ndicho cha kwanza kunivuta juu.
Nikaumikwa, nikaumuka,
unga wa mandazi chini ya kitambaa.

Kikombe cha nne, chini ya bega lile bishi,
nikasikia kitu kikilegea,
fundo la kamba iliyolowa likikubali ukucha.
Machozi yakanitoka. Nikasema ni spiriti.
"Ndiyo," akajibu Mbaruku, akiangalia dirishani,
"spiriti ya leo ina makali."

Alipovibandua, kila kimoja kilitoa kisauti
kama mtoto anayenyang'anywa titi.
"Usioge maji baridi. Kesho usibebe kitu."
Kesho!
Nikampa mia tano, akanirudishia hamsini ya chai.

Nyumbani Syombua akanivua shati,
akanyamaza kuliko nilivyopenda.
"Huyu aliyekuuma," akasema, "ana mdomo mpana."
Miduara saba, rangi ya zambarau iliyoiva hadi ikapasuka.
Mumo akaja kuhesabu.
Aliwahi kunifuata kazini wakati wa likizo,
akaniona nikikata matundu ya taa katika dari ile,
saba sebuleni, ya watu ambao hatutawajua.
Akatia kidole kwenye mduara wa nne.
"Baba, hizi zitawashwa lini?"

Jumatatu mkono ulipanda.
Ulifika usawa wa sikio, ukafikiri, ukaendelea.
Sitatia chumvi: maumivu hayakuisha,
yamehamia kiwikoni
kama mpangaji anayedaiwa.

Ndolo aliona alama zikichungulia kwenye ukosi.
Hakusema neno.
Saa ya chai akanivuta nyuma ya mapipa ya rangi,
akashusha sauti.
"Huyo jamaa wa Pumwani hufunga saa ngapi?
Ni kiuno," akasema,
akiitazama dari.