Tano Nukta Moja

Solvita aliniita saa mbili kasoro, koti lake bado limeloa.
Kasino, vidonge, wajane wenye mamilioni
wamejaa kwenye barua pepe za hospitali nzima,
mpaka wodi ya watoto.
"Funga mlango," akasema.
Nje, Liepāja ilikuwa theluji na chumvi.

Nikaketi na faili la kanuni.
Seva ni mlango, na kila barua hubisha hodi.
Mgeni nisiyemjua namwambia: rudi baada ya dakika tano.
Mwongo hana subira, huenda kugonga kwingine.
Anayerudi namkaribisha ukumbini, kisha namhesabia:
neno *urithi*, mbili nukta tano;
neno *haraka*, moja nukta mbili;
herufi kubwa tupu, kama mtu anayefoka, moja nukta nne.
Zikivuka tano, karantini.

Kasino zikanasa kama machicha,
tui likashuka jeupe.
Solvita akaniletea keki ya jibini.

Siku ya kumi na mbili nikapekua machicha, kwa desturi tu.
Chini ya vidonge, juu ya bahati nasibu,
barua kutoka Winnipeg kwa Arvīds, fundi wa boila:

ARVĪD, NJOO HARAKA.
MACHO YAMEKWISHA, NAANDIKA HIVI ILI NIONE.
URITHI NI CHEREHANI YA MAMA TU,
ILA NATAKA NIKUKABIDHI MKONONI.
MIRDZA

Nikajumlisha kwa kalamu, mara mbili.
Tano nukta moja.
Unene wa ukucha
ndio uliomweka dada mtu nje kwenye baridi siku tisa.

Ningeweza kuiachia kwa kubonyeza.
Niliichapa, nikashuka nayo ngazi hadi kwenye boila.
Aliisoma amesimama, midomo ikitembea,
kisha akauliza, wala si kwa hasira,
"Nani huamua kipi ni taka?"
Nilitaka kusema: mashine.
Vidole vyangu vilikuwa na wino wa printa.

Alikata tiketi siku ileile. Sijui kama aliwahi.
Boila inatunzwa na kijana wa muda, anayeiogopa.

Herufi kubwa nimezishusha hadi sifuri.
Wanaofoka, wafoke;
huenda hawaoni.
Leo asubuhi kasino moja imepenya
hadi kwa Solvita mwenyewe.
Amenitumia picha yake, bila neno.
Najua anangoja.
Nakunywa chai kwanza.