Ndugu Wapendwa

Moshi, Februari, ukumbi umejaa wageni.
Chumba cha nyuma Elieshi anapiga taipu:
barua ya Peking kwenda Moskow,
na chini yake, jibu.
Zote zinaanza "Ndugu wapendwa",
zote zinaishia kwa salamu za kindugu.
Katikati, kurasa tisa
za matusi yaliyopigwa pasi.

Anazijua barua hizi.
Baba yake na baba mdogo Ndeonasia
waliandikiana hivyo miaka sita
kwa hatua tatu za kihamba,
na barua ilivuka mpaka
mkononi mwake, mtoto, pekupeku.

Mpakani yalisimama masale.
Ndiyo yaliyowatenga.
Na jani lake moja, likifungwa fundo,
huomba radhi.

Anachomoa karatasi ya mwisho.
Anatikisa bahasha:
hakuna jani.
Analamba gundi.