Kwa Sababu

Nilikuwa karani wa kaunti, meza ya tatu toka dirishani,
ile yenye mguu mfupi tulioukunjia bajeti ya mwaka juzi.
Kazi yangu kuchapa. Si kufikiri; kuchapa.

Akaingia Mejumaa binti Shee, muuza viazi karai wa Mwembe Kuku,
harufu ya bizari na ukwaju imemtangulia korido nzima.
Mkononi Katiba, ndani ya mfuko wa maziwa uliooshwa,
jalada limelowa mafuta hadi nembo ya taifa inang'ara kama kitumbua.

"Jumanne mulinivunjia kibanda," akasema.
"Karai mulichukua, na mwiko, na beseni pamoja na unga wake wa dengu.
Sikuja kulia. Nimekuja kuchukua sababu.
Kifungu cha arubaini na saba: nipewe kwa maandishi."

Tukacheka. Nami nilicheka, siwezi kusema sikucheka.
Mkuu wetu, Bwana Mwakio, akatoa msemo wake wa siku zote:
serikali ni siri kali, mama, nenda ukapumzike.

Akaenda. Jumatano akarudi. Alhamisi akarudi na kiti chake.
Ijumaa alikwenda kuswali, viatu vikamshikia nafasi.

Alisoma kwa kidole, kucha ina umanjano usiotoka,
kwamba mamlaka ni ya wananchi.
"Mwananchi ndiye huyu?" akauliza, akijigusa kifua.
Nikasema ndiye.
"Basi aliyevunja kibanda nimemtuma mimi.
Nami sikumbuki kumtuma."

Siku nyingine, bila kuulizwa:
"Jiko langu lilikuwa la mafiga matatu.
Mwenye kutunga sheria, mwenye kuitenda, mwenye kuiamua.
Figa likijidai jiko, karai hupinduka,
na mafuta ya moto hayaulizi mguu ni wa nani."

Wiki ya pili Bwana Mwakio alichoka kuiruka miguu yake mlangoni.
"Mchapie," akaniambia. "Mchapie chochote."
Nikafungua ukurasa. Nembo, kumbukumbu namba, tarehe.
*Kibanda chako kilibomolewa kwa sababu*
na hapo kile kijistari cha kwenye skrini kikaanza kupepesa.

Nikatafuta faili. Notisi hakuna. Agizo hakuna. Kikao hakuna.
Palikuwa na risiti ya dizeli ya lori na sahihi isiyosomeka.
Kwa sababu mgeni mkubwa angepita njia ile?
Kwa sababu askari mmoja alinyimwa viazi vya bure?
Kwa sababu tumezoea?
Kila nililoliandika lilikuwa kweli,
na kila nililoliandika nililifuta.

Katiba, kitabu, katibu, maktaba:
nilikumbuka mwalimu wetu wa Tudor akituchorea ubaoni
mti wa maneno haya, shina moja, shina la kuandika.
Miaka kumi na tisa nimekaa juu ya tawi lake
nikichapa, wala sikujua ni mti.

Nikaipiga chapa vile ilivyo.
Ikaishia *kwa sababu*, bila nukta.
Nikagonga muhuri, moyo nao ukagonga.
Mejumaa akaisoma, akairudia,
akaigeuza nyuma kama atafutaye chenji yake.
"Hii yatosha," akasema. "Nampelekea jaji.
Yeye atasoma hapa pasipoandikwa."
Akakunja kiti.

Mimi nilihamishwa kabla mwezi haujaisha.
Niko kwenye daftari la makaburi sasa, chumba kisicho na dirisha.
Kesi yake husikia imetajwa, imeahirishwa, imetajwa.
Huku kila maiti ana mstari wake: jina, umri, mtaa,
na safu ya nne imeandikwa *Sababu*,
na hairuhusiwi kuachwa wazi.