Kengele Iliponyamaza

Mbwa huyu nilimpata kwa madebe mawili ya viazi
ambayo Sikowo hakunilipa.
Aliniletea kitu kinacholia ndani ya mfuko wa saruji,
akasema, "Chukua, tumalizane."
Ndiyo maana jina lake ni Deni.

Hana ukoo wa kusimuliwa.
Manjano kama bua la shayiri, sikio moja liliraruliwa na kaka yake,
mkia umejikunja kama mkono wa kikombe.
Hakuna aliyemfundisha.
Lakini akinusa kwale husimama ghafla,
mguu wa mbele umeinuka, haujatua,
kama mtu aliyekumbuka jambo mlangoni.

Shingoni nilimfunga kengele ya mti;
niliichonga mwenyewe, ulimi wake mfupa wa mbuzi.
Juu ya Kwosir ukungu hukuficha hata mkono wako.
Mbwa humwoni, unamsikia:
ko-ko, ko-ko, mteremkoni, ng'ambo ya kijito.
Mgeni husikiliza mlio.
Mwindaji husubiri ukome.

Mwaka ule baridi ilikuja na meno.
Siku tisa za mvua ya mawe,
kila jiwe kama kiazi cha mbegu.
Shayiri ikalala chali, kabichi zikatoboka,
na asubuhi nyasi nyeupe zilivunjika chini ya kiatu.
Nyumbani Chemutai alikuwa na siku ya nne tangu ajifungue,
maziwa yamegoma,
na shangazi yangu Yeko ananitazama kwa lile jicho
linalouliza mdomo ukiwa umefungwa:
mwanamume ni wa nini?

Nikachukua rungu.
Nikalivuka jiwe la mpaka wa hifadhi
nikitazama kando, kama apitaye penye duka analodaiwa.

Ko-ko. Ko-ko.
Kisha hakuna.

Nilimkuta chini ya lobelia iliyokuwa bado imefumba majani,
maana huku hata mimea hujifunika usiku.
Mguu juu. Pua imenyooka. Mwili mzima unatetemeka
ila ule mguu.
Nikainama, nikapangua majani makavu.

Kwale kumi na mmoja, wamekaa duara,
mikia ndani, vichwa nje,
kila mmoja amemkopesha mwenzake ubavu.
Nikangoja ule mlipuko wa mabawa
unaorusha moyo hadi kooni. Haukuja.
Jicho moja tu lilifumba, likafumbua.
Rungu likawa kitu cha kijinga mkononi.

Upande wa upepo watatu walikuwa wameshakufa,
wamekaa vilevile, hawakutoka safuni,
barafu kwenye kope,
bado wanawakinga wengine.
Nikamwinua mmoja: mwepesi
kama bahasha iliyotolewa barua.
Nikachukua hao watatu.
Wanane nikawarudishia majani yao.

Usinisifu.
Nilikwenda hatua kumi nikasimama,
nikapiga hesabu ya nyama,
nikaliangalia rungu tena.
Deni ndiye aliyeanza kuteremka.

Supu haikuwa na tone la mafuta juu yake.
Yeko akageuza paja la kwale mbele ya moto.
"Hawana jeraha. Uliwaua kwa nini?"
"Niliwakuta," nikasema.
Chemutai akanywa mabakuli mawili, akalala,
na usiku wa manane nikamsikia mtoto akimeza.

Ndipo mawe yakarudi juu ya mabati.
Nikalala macho, nikilipanga lile duara upya:
wanane sasa, na pengo upande wa upepo,
nani amesogea kuliziba?
Huku mtoto katikati, mama yake ubavuni,
mgongo wangu penye ufa wa ukuta.
Nje, chini ya ghala, kengele ililia mara moja,
ikanyamaza.

Nikaamka, nikafungua mlango.
"Deni. Ingia."

"Mbwa ndani ya nyumba?" Yeko akaguna gizani.
Kisha nikamsikia akiusogeza mkeka wake.